Radhi Mpaka Adhuhuri

Moshi, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, ukiliacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Na mvua haikatiki. Mlima umefunikwa na mawingu tangu wiki iliyopita, hata mimi niliyeishi chini yake tangu serikali iniletee barua ya kuja kufundisha huku, nikiamka huchungulia dirishani kuhakikisha kama bado upo.

Habari za nyumbani Kiongoroni, huko mdomoni mwa mto? Binti yako Mwajabu amejifungua salama? Na ule mpunga wa bondeni, mmepanda au bado mnayasikilizia maji? Nasikia bei ya kaa imepanda, nikasema labda safari hii watu wa kwetu watakula na kusaza.

Sasa nikupe lililonifanya nikae mezani. Mwanao Iddy amealikwa safari. Wageni aliowapandisha Kilimanjaro mwaka juzi wanakwenda Nepali, nchi iliyo kaskazini ya India, kupanda mlima wa huko, na wanamtaka awe mmoja wao. Si mpagazi wala mwongozaji, ni mwenzao. Kila kitu juu yao. Ataondoka mwishoni mwa Machi na, akijaliwa, atarudi Juni.

Yuko tayari kwa mwili. Nimemwona akifanya mazoezi mpaka jirani zangu Wachaga wakaniuliza kama kijana amefiwa. Lakini amekataa kusaini chochote mpaka apate radhi yako. Ameniomba mimi, mjomba wake, nikuandikie. Nilimwambia apande basi aje mwenyewe. Alinijibu kwamba akiuona uso wako hatakwenda.

Ijibu barua hii mapema uwezavyo. Kama kawaida, mpelekee Mustapha, mpokea mizigo wa pale stendi ya Kibiti, ainyooshe kwenye basi.

Kaka yako,
Abdulazizi


Kiongoroni, 2 Februari 2024

Kaka yangu Abdulazizi,

Shikamoo, na waaleikum salaam. Barua yako ilifika Kibiti upesi, ikalala Nyamisati siku nyingi kwa kukosa boti, nikaipokea ina harufu ya dagaa. Hatujambo. Mwajabu amepata mtoto wa kike. Yule uliyemwacha mgongoni kwangu siku tulipomzika mama, sasa naye ana wa kumbeba mgongoni. Mpunga tumepanda. Bi Zabibu, jirani yetu, anakusalimu na anauliza kama Wachaga wamekulisha ndizi mpaka umeisahau njia ya kwenye wali.

Kuhusu Iddy. Nimekusoma, kisha nikampa Zabibu anisomee tena, nikidhani macho yangu yamekosea. Hayakukosea.

Unaniomba radhi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mimi sijui huo mlima. Nchi yetu hii mtu akitaka kuona mbali hupanda juu ya dungu lake la kufukuzia ndege shambani, na akishuka chakula bado hakijapoa. Kuna nini huko juu? Watu wamekwenda kufuata nini, na wamerudi wangapi? Wewe ndiye uliyesoma. Niandikie ukweli wote, usinifiche kwa kuwa mimi ni mama. Nitaamua kwa maneno yako.

Na usiniambie nipige simu. Mtandao huku tunaupata bandarini tu, na nikiongea pale, kijiji kizima kinakuwa na mtoto anayekwenda Nepali.

Mlima wenu huo wa Moshi umeshanichukulia mmoja. Sijakusikia ukisema utakuja lini.

Mimi,
Mwanaidi


Moshi, 14 Februari 2024

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum, na hongera kwa mjukuu. Mwambie Mwajabu kwamba babu wa mtoto huku Moshi amefurahi mpaka amegawa kahawa na tende msikitini. Nimemtumia kitenge kwa dereva wa basi anayechukua barua zetu.

Uliniuliza ni mlima gani na kuna nini huko. Nakujibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani, bila kupunguza.

Unaitwa Everesti, na wenyeji wanayo majina yao ya zamani zaidi. Chukua Kilimanjaro, kisha kata nusu ya Kilimanjaro nyingine uiweke juu yake. Hapo umeupata. Hakuna ardhi iliyo juu zaidi duniani. Kwa karne nyingi waliokaa chini yake waliuona kuwa ni wa kuombewa, si wa kukanyagwa. Ndivyo hata huku: watu walilima, wakawinda, wakaishi mteremkoni, na hatuna habari ya uhakika ya mtu kukanyaga kilele kabla ya Mjerumani kufika mwaka 1889, tena njia alionyeshwa na vijana wa hapa hapa Marangu.

Waingereza waliuanza Everesti mwaka 1921. Mwaka uliofuata poromoko la theluji liliwafunika wapagazi saba, nao ndio wa kwanza wanaojulikana kufia kwenye mlima ule. Mwaka 1924 Waingereza wawili walionekana kwa mbali wakipanda, wamebakiza kidogo, wingu likapita mbele yao. Mwili wa mmoja ulipatikana baada ya miaka sabini na mitano, umelala kifudifudi juu ya mawe, ngozi nyeupe kama chokaa. Mpaka leo hakuna ajuaye kama walifika. Wa kwanza kufika na kurudi walikuwa wawili mwaka 1953, mmoja mfuga nyuki kutoka New Zealand, mwingine mtu wa milima hiyo hiyo.

Kinachoua huko ni hewa kwanza. Iko, lakini nyepesi, na mtu akipita mita elfu nane mwili wake unakufa polepole hata akiwa amekaa kitako. Ubongo huvimba, mtu akaanza kuvua koti akidhani ana joto. Mapafu hujaa maji. Baridi huvila vidole vikawa vyeusi kama makaa. Chini, kabla hujafika popote, kuna mto wa barafu unaotembea, na mabonge yake ni makubwa kuliko nyumba. Mwaka 2014 bonge moja liliwaua wapagazi kumi na sita asubuhi moja. Iddy itambidi apite hapo hapo.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo si la mlima bali la watu. Wapandaji hujiwekea saa ya kugeuka. Ikifika, uko wapi hujali, unashuka, kwa sababu nguvu za kushuka lazima zibaki. Mwaka 1996 waliipita saa hiyo, wakiwamo waongozaji wenye uzoefu kuliko wengi, kwa kuwa kilele kilionekana karibu. Tufani iliwakuta bado wako juu. Walikufa wanane.

Haya ndiyo uliyoyataka. Lakini nisipoyaandika na haya nitakuwa nimekudanganya: wale wanaosimama juu jua likichomoza wanasema kivuli cha mlima hulala juu ya nchi nzima upande wa magharibi, kimechongoka kama ncha ya mkuki, na nyota hazijazimika bado, na mtu hujiona yuko kwenye ukingo wa dunia, pale ambapo bluu inaanza kuwa nyeusi. Wamerudi maelfu kusimulia hivyo.

Kuja, nitakuja. Goti likipoa.

Kaka yako,
Abdulazizi


Kiongoroni, 5 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Kitenge kimefika, Mwajabu amekishona siku hiyo hiyo. Mtoto hajambo. Tunaukaribisha mwezi wa Ramadhani, tuombeane.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nakushukuru hukunificha. Ila nataka nikwambie jambo, na usikasirike, maana wewe ni mkubwa wangu. Unaandika hatari za mlima ule kama mtu anayesimulia ukali wa baba wa mchumba. Kila ukimsema ubaya, mchumba anazidi kupendeza. Nilifika pale kwenye kivuli na nyota, nikaweka karatasi chini, nikajiuliza: anayetaka kwenda ni mwanangu au ni kaka yangu?

Sasa nami nikusimulie, kwa kuwa siku zile ulisoma tu kuwa mume wangu Bwanaheri amefariki, na barua yangu ilikufikia tumeshamaliza arobaini. Hujawahi kuniuliza alikufaje, na mimi sikukwambia.

Unajua ukataji wa mikoko. Unaingia kijito na maji yakijaa, unakata, na maji yakigeuka unatoka nayo. Atakayebaki, tope linamshika. Mume wangu alijua hayo kabla hajajua kunoa shoka. Siku ile walikuwa watatu. Maji yaligeuka, wenzake wakamwambia, “Twende, Bwanaheri.” Yeye akaona mti mmoja umenyooka kama alifu, boriti ambayo kila fundi angeitaka. Akawaambia watangulie na mtumbwi mdogo, yeye yuaja. Akaukata. Akaupakia. Alipotoka, kijito kilikuwa kimepwa, akaburuta mashua kwenye tope mpaka giza, na maji yaliporudi yalikuwa ya bamvua, makubwa kupita ya siku zote, yakamkuta hana nguvu hata ya kuinua mkono. Alizama mahali ambapo mchana mtoto angevuka kwa miguu.

Kwa hiyo uliposema mapafu hujaa maji, sikushangaa. Kumbe mtu anaweza kuzama hata juu ya mlima. Na uliposema saa ya kugeuka, hukuwa unanifundisha.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili. Nikimnyima, atakaa, lakini atakaa kama wewe, dirishani. Basi msomee haya kama yalivyo:

“Mimi Mwanaidi binti Selemani nimekutolea radhi, mwanangu Iddy, radhi ya maziwa niliyokunyonyesha. Inakwenda nawe kila siku ya safari yako. Lakini siku ile utakayokiendea kilele, inakwenda nawe mpaka adhuhuri. Adhuhuri ikiingia geuka, hata kama umebakiza kukigusa kwa mkono. Ukipanda baada ya hapo, unapanda kwa miguu yako tu. Mimi simo.”

Usiongeze neno, usipunguze.

Mwanaidi


Moshi, 28 Machi 2024

Mdogo wangu Mwanaidi,

Ramadhani karim. Saumu huku ni nyepesi kwa sababu ya baridi, na futari ni ndizi, mwambie Bi Zabibu.

Iddy ameondoka juzi. Nilimsomea maneno yako sebuleni kwangu, amesimama. Nilipomaliza aliuliza kama kuna ukurasa mwingine. Kisha akacheka, akasema, “Mama kanipa radhi kama anavyoazimisha mtumbwi. Kaniambia na saa ya kuurudisha.” Asubuhi alisaini.

Amesema atageuka. Mimi nilikuwapo.

Hilo la mchumba nimelisoma. Unajua kwamba nilipanda huu mlima wetu na wanafunzi wangu mara tatu, na mara zote kichwa kilinirudisha kutoka kibanda cha mwisho, watoto wakaendelea nikawasubiri na uji. Labda hujui. Sidhani kama nimewahi kuliandika.

Bwanaheri nimemsomea Yasini. Nilipaswa kuuliza.

Abdulazizi


Kiongoroni, 14 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Sijui barua hii itakufikia lini, maana na yako ya Machi nimeipata juzi tu. Umesikia redioni. Mto ulikuja mwezi wa nne kama haujawahi kutujua, mpunga wote umeoza majini, watu wa bondeni wamelala mashuleni. Tukasema basi, kikaja kile kimbunga Hidaya, boti zikakatazwa kutoka. Jiko langu halina paa. Sisi wenyewe tuko salama, mtoto hajambo, na kaa wamejaa mpaka mlangoni, ndicho tunachokula.

Simu yangu ilikwenda na maji. Kwa hiyo kama kuna neno la Iddy, sijalisikia.

Watu wanakuja kunipa pole ya mpunga. Nawaitikia. Hakuna anayejua ninachokingoja, isipokuwa Zabibu, naye anakuja anakaa, anachambua mchele wa msaada pamoja nami.

Kila adhuhuri ikiadhiniwa nauliza moyoni kama ni leo.

Niandikie, hata kama ni mstari mmoja. Hata kama ni mbaya.

Mwanaidi


Moshi, 30 Mei 2024

Mwanaidi,

Yuko hai. Nimetanguliza neno hilo kabla ya salamu, Mungu anisamehe. Yuko hai, ameshashuka, ncha za vidole viwili vya mguu zimeungua kwa baridi, daktari anasema havitakatwa. Nilimpigia Mustapha siku ile ile apeleke habari Nyamisati, lakini sijui kama mtu wa boti alikufikishia, ndiyo maana naandika.

Barua yako ya mafuriko nimeipata jana. Nimetuma mabati kwa jiko lako. Nitakueleza lililotokea, kwa kuwa mimi nimo.

Jioni ya kuamkia kilele Iddy alinipigia kwa simu ya setilaiti kutoka kambi ya mwisho. Sauti yake ilikuwa ya mzee. Alisema watu ni wengi mwaka huu, kamba ni moja, na sehemu ya juu kabisa watu husimama foleni. Alihofu kuchelewa. Kisha akaniuliza swali ambalo nilimfundisha mwenyewe kuliuliza, alipokuwa akisoma jiografia mezani kwangu. Alisema jua huwafikia wao kabla yetu. Ikiwa kwao ni adhuhuri, Kiongoroni bado ni asubuhi. Adhuhuri ya Kiongoroni kwao ni karibu saa tisa alasiri. Radhi ni ya mama, na mama yuko Kiongoroni. Je, ni adhuhuri ya wapi?

Mwanaidi, niliyapitia maneno yako moyoni. Hukuandika ni ya wapi. Ningesema ni ya kwenu, na asingekuwapo wa kunisuta, na angepata karibu saa tatu zaidi. Ulikuwa umesema kweli juu ya mchumba. Nilitaka afike. Nimetaka mtu afike tangu nilipokuwa nikipika uji kule kibandani. Na nilijua kwamba wewe, ulipoyaandika yale, ulikuwa hufikirii jua la Nepali. Ulikuwa unafikiria mtu mmoja na kijito.

Nikamwambia, “Adhuhuri ya pale ulipo. Hakuna anayeswali kwa jua la nchi nyingine.”

Alisema, “Haya, mjomba.”

Siku ya pili adhuhuri ilimkuta ameshika kamba, nyuma ya watu waliosimama. Kilele alikiona, na vitambaa vilivyofungwa juu yake vikipepea. Akamgusa bega kiongozi wao, akageuka. Alishuka na Msherpa mmoja, mwenyeji wa milima hiyo.

Na hili lazima ulijue, kwa kuwa uliniomba nisikufiche. Hakukuwa na tufani. Anga lilikuwa safi mpaka jioni. Wenzake wote walifika, na wote walirudi salama, na wengine walimkuta kambini anakunywa chai. Kama ningejibu lile jibu jingine, angefika.

Tumeongea mara moja tangu hapo. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mjomba, ilikuwa kama kutoka nyumbani kwako mpaka msikitini.” Unajua msikiti uko wapi kwangu? Ni ng'ambo ya barabara.

Nimemwambia akitua asije Moshi, aje kwako moja kwa moja.

Abdulazizi


Kiongoroni, 7 Julai 2024

Kaka yangu Abdulazizi,

Shikamoo. Mtu wa boti alinifikishia habari, tena kwa kupiga kelele kabla hajatia nanga, kwa hiyo bandari nzima ilijua kabla yangu. Mabati yamefika. Jiko limeezekwa, na limeezekwa na Iddy.

Alikuja siku mbili kabla ya Idi. Amekonda, midomo imepasuka, anatembea kama anayekanyaga kaa wadogo. Siku za mwanzo hakusema kitu cha mlima, nami sikuuliza. Vijana walimjia wakitaka picha. Zabibu, na ulimi wake unaujua, alimwambia, “Mwanangu, umekwenda mpaka mlangoni kwa watu, ukarudi bila kupiga hodi?” Nilidhani atakasirika. Alicheka, cheko la kwanza tangu aje.

Jana tulikuwa tunapepeta mchele wa msaada. Akaniuliza, bila kunitazama, “Mama, ningekuuliza wewe, ungesema adhuhuri ya wapi?”

Kaka, nilikuwa nimeshaisoma barua yako. Nilijua swali litakuja na nilikuwa nimejipangia jibu la mama mwenye msimamo. Likanishinda. Nilimwambia, “Ya Kiongoroni. Ungeniuliza mimi kwa ile sauti, ningekupa.”

Akaacha ungo. Nikamwambia na lililobaki: kwamba hata baba yake, kama angerudi mlangoni siku ile akaniomba auendee ule mti, ningemwambia nenda. Mimi ni mtu wa kutoa. Ndiyo sababu niliandika kwenye karatasi na kuituma mbali, kwa mtu ambaye angeishika wakati mimi nimeshalegea. Nilishuku, ila sikujua kwamba wewe ndiye uliyekuwa unakitaka kile kilele kuliko wote. Na ukaishika.

Aliinuka akaenda bandarini, akarudi jioni, akala. Tulipomaliza akaniambia ataomba radhi tena, mwaka ujao au mwingine. Sikukataa, sikukubali. Nilimwambia safari hii nitajibu mbele ya mjomba wake, amekaa hapa, ananisikia. Sitaandika tena.

Kwa hiyo njoo. Goti lako usinitajie, huku hakuna mlima. Barabara za huku zimeshapitika, na ukifika Kibiti, Mustapha atakuonyesha gari la Nyamisati. Boti za huko zinaondoka na maji, haziangalii saa, na wewe nadhani umeshasahau kuyahesabu. Usihangaike. Iddy anakuja na boti yetu, na nimemwambia akungoje pale pale, maji yakitaka kupwa yapwe.

Mdogo wako,
Mwanaidi